Tyuna ya Mama Solfa na Sauti ya Kwanza Iliyopotea

Kwa miaka thelathini na moja Mama Solfa alifundisha muziki shuleni na kuongoza kwaya ya mtaa, na katika miaka yote hiyo hakuna mwimbaji aliyewahi kumpiga chenga. Ungeweza kujificha mstari wa nyuma, nyuma ya mgongo wa besi mnene kuliko wote, lakini ukiteleza nota moja tu, kidole chake kilikuwa kimeshakufikia kabla hujafunga mdomo. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hata akisahihisha madaftari alikuwa akiimba do-re-mi kwa chini chini. Alipostaafu, kwaya aliikabidhi kwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mchangamfu asiyeishiwa maneno, ambaye tangu utotoni watu humwita Chiriku.

Mwaka haukuisha, kituo kidogo cha redio cha mjini kikaipa kwaya hiyo nusu saa kila Jumapili, saa kumi alasiri, moja kwa moja kutoka studio. Mtaa mzima ulisikiliza kwenye simu. Mama Solfa naye alisikiliza kwenye simu, Jumapili ya kwanza. Aliiweka kwenye sikio la kulia, akaihamishia la kushoto, mwisho akaitumbukiza kwenye bakuli tupu kama jirani yake alivyomfundisha, ili sauti ivume.

"Watu ishirini na wanane," alimwambia mumewe kipindi kilipokwisha, "wamegeuka nzi ndani ya chupa."

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu wa maneno machache na kicheko kingi, ambaye rangi nyeupe haikumtoka kwenye kucha hata siku ya harusi yake. Alionyesha kwa kidevu pembe ya sebule. "Na yale masanduku ni ya nini? Ya kutandikia vitambaa?"

Masanduku yenyewe yalikuwa spika mbili zinazomfika mtu mzima kiunoni, na katikati yake amplifaya nzito kama jiwe la kusagia. Waliyanunua walipokuwa wachumba, wakapigia sahani za santuri mpaka sindano zikawa haba madukani. Kilichokosekana ni tyuna: ile redio isiyo na spika wala nguvu zake yenyewe, ambayo kazi yake ni kunasa stesheni hewani na kuikabidhi amplifaya. Kesho yake asubuhi Mama Solfa alivaa viatu vya kutembelea, akaenda kwa Fundi Polepole.

Fundi huyu alikuwa na chumba chembamba nyuma ya duka la viatu, kinachonuka risasi ya kulehemu na vumbi lililoungua. Aliitwa Polepole kwa sababu hata kikombe cha chai alikishika kana kwamba kina umeme ndani. Rafu zake zilijaa vyombo vya zamani, vingine vimefumuliwa matumbo, vingine vimefunikwa magazeti.

"Karibu, mama. Umeleta mgonjwa?"

"Sijaleta. Nimekuja kuposa."

Fundi alicheka, akampangia tyuna tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, ina taa ya buluu na vifundo vinavyometa. Mama Solfa alipoiona tu moyo ukamdunda. Akaipapasa. Akazungusha kifundo chake, na mshale ukateleza kwenye namba bila kukwama hata mahali pamoja.

"Hii," akasema.

Fundi Polepole hakubisha. Alipangusa miwani yake kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Mama, ulipokuwa unachagua waimbaji, uliwachagua kwa nguo?"

Swali lilimchoma, maana jibu lake alilijua. Kila mwaka alikuwa akiwapa mgongo watu waliokuja kujaribiwa, akatazama ukuta, akasikiliza. Wengi waliovaa vizuri walirudi nyumbani. Alichukua kigoda, akakigeuza, akaketi akiutazama mlango.

"Haya, niwekee moja moja. Wala usiniambie ipi ni ipi. Na nisikilizishe mtu anayeongea, usiniwekee muziki. Muziki unaficha mengi, lakini mtu akitamka 'sisi sote' hana pa kujificha."

Fundi alifanya hivyo. Tyuna ya kwanza ilimtoa mtangazaji akipuliza kila herufi ya s, kama tairi lililotoboka. Ya pili ilikuwa safi mwanzoni.

"Hiyo tuiache iwake kwanza," Fundi alisema. "Nyingine ukiziwasha ziko kwenye stesheni, zikipata joto zinahama kidogo kidogo, kama mlevi anayetafuta mlango wake."

Wakaiacha. Wakanywa chai. Wakazungumza habari za magoti yao. Nusu saa haijafika, mtangazaji akaanza kukwaruza, na nyuma yake akajitokeza mtu mwingine akitangaza sabuni. Mlevi alikuwa ameingia nyumba ya jirani.

Ya tatu ikawashwa. Mama Solfa alisikia mwanamke akisoma habari za hali ya hewa, akasikia karatasi ikigeuzwa, akasikia hata mwanamke huyo akimeza mate kabla ya kutaja mvua. Saa nzima alikaa palepale, na mwanamke yule hakusogea hata unywele.

"Huyu," alisema, akageuka.

Kilikuwa chombo cha kahawia, mbao za ubavuni zimebanduka, kioo cha mbele kina ufa, na taa moja imeungua, kwa hiyo nusu ya namba zilikuwa gizani.

"Maskini," alisema Mama Solfa. "Hakupewa sura."

"Alipewa masikio," Fundi alijibu.

Wiki mbili Fundi alikaa nacho. Alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizokuwa zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, akaweka taa mpya, akafunga uzi mpya wa kuvuta mshale, akapuliza dawa kwenye swichi zilizokuwa zikikwaruza. Siku ya kukikabidhi alitoa masharti kama mkunga anayemkabidhi mtu mtoto. Usikiweke juu ya amplifaya, joto litakiua. Usikifunike kitambaa, kinapumua. Vumbi litoe kwa brashi laini, kikiwa kimechomolewa. Kisha akafungua kifuniko, akamwonyesha ndani skrubu ndogo ndogo za rangi, nyekundu, njano na nyeupe, zimepangika kama pipi.

"Hizi, mama, usiziguse. Hata kwa heri, hata kwa shari. Ukizungusha moja robo tu, utanitafuta ukilia."

"Sitazigusa."

"Wote husema hivyo."

Kilichobaki kilikuwa antena. Mumewe alileta ngazi yake ya kazi, akapanda paani na waya mkononi, na Mama Solfa akabaki sebuleni mbele ya tyuna, macho kwenye kile kishale kidogo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi.

"Sasa?" mume akaita kutoka juu.

"Bado!"

"Sasa?"

"Ulikuwa umepata, ukaondoka! Rudi ulikotoka!"

"Nilikotoka wapi?"

"Kwani mimi nakuona?"

Jirani wa upande wa pili alitoka nje na mwiko mkononi, akiamini kwamba baada ya miaka arobaini ya amani ndoa ya watu hawa leo imefika ukingoni. Alikuta mzee yuko juu ya bati, mkono mmoja umenyooshwa kama askari wa barabarani, na kutoka ndani mkewe anashangilia, "Hapo hapo! Usipumue!" Ikaonekana kwamba antena ilifanya kazi vizuri zaidi mzee alipokuwa ameishika mwenyewe. Walisumbuka mpaka adhuhuri, mwishowe wakaifunga kwenye mti wa rangi, yaani kile kijiti kirefu anachofungia brashi kufikia dari. Kishale kikapanda mpaka mwisho na taa nyekundu ya stereo, ya kuonyesha kwamba sauti zinakuja pande mbili, ikawaka, ikatulia.

Jumapili ile kwaya iliingia sebuleni. Mama Solfa hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Kushoto walisimama sauti ya kwanza, wanawake saba; katikati sauti ya pili na ya tatu; kulia kabisa mabesi. Angeweza kuinuka na kumpiga kila mmoja kidole begani. Mtangazaji alikuwa katikati, kana kwamba ameketi juu ya amplifaya. Mume, aliyekuwa akimenya chungwa, aliacha ganda likining'inia.

"Ala!" alisema. "Kumbe ndivyo mnavyoimba?"

Miezi mitatu ikapita hivyo, raha mustarehe. Kila Jumamosi Mama Solfa alichomoa tyuna na kuipitishia brashi laini. Kila Jumapili, kipindi kikiisha, alimpigia Chiriku kumpa pongezi, pamoja na makosa mawili matatu. Chiriku alizipokea pongezi na kuyaandika makosa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, mtangazaji alifungua kipindi akiwa upande wa kulia. Mama Solfa alidhani wamemhamisha kiti. Kisha kwaya ikaanza kuimba, naye akasimama wima. Mabesi walikuwepo. Sauti ya tatu walikuwepo. Lakini kushoto, mahali pa wale wanawake saba, palikuwa patupu kama darasa siku ya likizo. Kwa mbali mno alisikia wimbo wenyewe, kama watu wanaoimba nyumba ya tatu.

"Kawafukuza," alisema.

"Nani?"

"Chiriku! Kawafukuza sauti ya kwanza! Tangu mwezi jana nilimwambia wanapanda mno kwenye kiitikio. Nilisema wapungue sauti, sikusema wapungue watu!"

"Pengine..." mumewe alianza, lakini simu ilikuwa imeshashikwa.

Aliyoyasema Mama Solfa kwenye simu ile hakuyarudia tena kwa mtu. Alisema habari za kiburi, na za mikono ya watu inayoharibu kazi ya miaka thelathini. Chiriku, ambaye hajawahi kuishiwa maneno, alinyamaza kwanza. Halafu akasema kwa sauti nyembamba, "Mwalimu, wote saba walikuwepo. Mmoja alikuja na homa, akaimba. Kama hukupenda tulivyoimba, sema hukupenda. Lakini usiseme hawakuwepo." Akakata simu.

Mume alikusanya maganda yake ya chungwa bila kumtazama.

Mama Solfa aliketi. Kama walikuwepo, basi chombo kinaumwa. Alikwenda akakichomoa, akatoa kifuniko, akainama na tochi. Ndani palikuwa safi. Zile skrubu za rangi zilikuwa pale, zinamtazama. Moja ya njano hasa ilionekana kwake kama imelegea. Aliinua bisibisi ndogo. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Wote husema hivyo," mumewe alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya Fundi Polepole.

Mama Solfa alirudisha kifuniko.

Jumatatu asubuhi walifika kwa Fundi na tyuna imefungwa ndani ya blanketi. Mama Solfa hakusalimu vizuri. Alieleza kwamba upande wa kushoto umekufa, kwamba chombo alichoambiwa kina masikio sasa kina sikio moja, na kwamba kwa sababu yake amegombana na mtu anayempenda kama binti yake.

Fundi alikiweka mezani, akakiunganisha na spika zake mbili, akasubiri kipate joto. Kisha akauliza, "Ulijaribu stesheni nyingine, mama?"

Mama Solfa alianza kulikunja blanketi.

"Mama?"

"Stesheni nyingine nikatafute nini?" alijibu Mama Solfa. "Kwaya yangu haiko huko."

Mumewe alitazama viatu vyake kwa nguvu, mabega yakimtikisika. Fundi alizungusha kifundo taratibu. Stesheni ya kwanza aliyoikuta ilikuwa na bendi ya matarumbeta, na matarumbeta yakajaa chumba kizima, kushoto na kulia. Akasogea nyingine: kushoto na kulia. Nyingine: vilevile. Akarudi kwenye kituo kile cha mjini. Spika ya kulia ikazungumza. Ya kushoto ikanyamaza kama iliyokatwa ulimi.

"Mgonjwa si chombo chako," Fundi alisema. "Mgonjwa ni anayeongea."

"Na watu wote wa mji hawakusikia?"

"Wanasikilizia simu, mama. Simu ina spika moja. Kama upande mmoja umekatika, wao wanasikia ule mwingine, basi. Wataona leo sauti ya kwanza wamepoa kidogo, wataendelea kupika."

Mama Solfa aliinuka. Alikuwa amepauka. "Nibebeeni hicho chombo," alisema. "Twendeni."

Hiyo ndiyo siku pekee watu waliyowahi kumwona Fundi Polepole akitembea haraka.

Kituo cha redio kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya ofisi ya mwanasheria. Fundi mitambo wa pale, bwana mwenye ndevu zilizochongwa na hedfoni shingoni, aliwapokea kwa adabu lakini bila kuwaamini.

"Mama yangu, tuna wasikilizaji maelfu. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Basi mimi ndiye wa kwanza. Chomeka hiki."

Walichomeka. Fundi Polepole akamvisha bwana yule hedfoni za stereo alizokuja nazo, akatafuta kituo chao wenyewe hewani. Bwana akasikiliza. Akazigeuza hedfoni, upande wa kulia ukaja kushoto. Akazigeuza tena. Ndevu zikaanza kumwashawasha. Alimrudishia Fundi Polepole hedfoni, akawaongoza na tyuna yao mpaka chumba cha mitambo, wakaichomeka humo, na hapo, kwenye ubao wa vyombo, palikuwa na vipimo viwili vya mshale, kimoja cha kila upande. Cha kulia mshale ulikuwa ukirukaruka. Cha kushoto hakikuonekana, kwa kuwa mbele yake mtu alikuwa ameweka chungu cha maua.

Bwana alikisogeza chungu. Mshale wa kushoto ulikuwa umelala chali.

"Maua ya nani haya?" Mama Solfa aliuliza.

"Ya meneja," alisema bwana kwa sauti ya chini. "Yaliletwa Ijumaa. Tulisogeza meza ili yapate mwanga."

Akapiga magoti, akaingia chini ya meza mpaka zikabaki soli za viatu tu. Wakamsikia akisema, "Ah!" Plagi moja ilikuwa imevutwa wakati wa kusogeza meza, imening'inia kwa ncha. Aliisukuma. Kwenye hedfoni zilizokuwa shingoni mwa Fundi Polepole matangazo ya biashara yakafunguka pande zote mbili kama dirisha. Lilikuwa tangazo la magodoro, lakini Mama Solfa alilipigia makofi.

Bwana alitoka chini ya meza na utando wa buibui kichwani, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Siku tatu, mama! Siku tatu tumekuwa nusu redio, na sisi wenyewe hatujui! Humu ndani tunasikilizia kispika kimoja."

"Nunueni cha pili," alisema Mama Solfa.

Lakini njiani hakucheka na wenzake. Alilokuwa nalo moyoni halikutengenezwa kwa kusukuma plagi. Jumatano jioni alikwenda kwenye ukumbi wa shule wakati wa mazoezi. Waimbaji walipomwona wakanyamaza. Chiriku alishusha mikono, lakini hakugeuka.

Mama Solfa hakumvuta pembeni. Alisimama pale mbele, mahali aliposimama miaka thelathini na moja, akasema, "Jumapili nilimtukana kiongozi wenu. Nilisema amewafukuza sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza walikuwepo, na mmoja wao aliimba na homa. Ni waya wa redio uliochomoka, nami sikuuliza, nikahukumu. Nilikuwa nikiwafundisha kusikiliza kabla ya kufungua mdomo. Mimi mwenyewe sikufanya hivyo. Chiriku, mwanangu, nisamehe."

Chiriku aligeuka, macho yamelowa, na maneno yote aliyoyakosa siku tatu yakamrudia kwa pamoja. Alisema alilia Jumapili nzima, alisema alikuwa amekwisha andika barua ya kujiuzulu, alisema barua yenyewe ilikuwa nzuri mno hata alisikitika kuichana, alisema mwalimu wake amekonda, anakula? Walikumbatiana, na watu saba wa sauti ya kwanza wakapiga vigelegele kwa nota ambayo, kwa mara ya kwanza, Mama Solfa hakuisahihisha.

Alipopata pumzi alisema, "Ila kuna jambo moja."

Ukumbi mzima ukacheka.

"La kweli! Siku ile, kwa kuwa juu hapakuwa na mtu, niliwasikia mabesi peke yao. Ubeti wa pili mnachelewa. Nyote, kwa pamoja, kwa ustadi mkubwa. Miaka yote sauti ya kwanza imekuwa ikiwafunika, na mimi sikujua."

Mabesi walitazamana. Yule mnene kuliko wote alikohoa. "Mwalimu," alisema, "tulidhani hutajua kamwe."

Waliurudia ubeti ule mara nane. Chiriku aliongoza, na Mama Solfa alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, akipiga mapigo gotini.

Jumapili iliyofuata sebule ilijaa. Fundi Polepole alikuja na mkewe, jirani akaja na mwiko wake maana alikuwa jikoni, na mpaka rangi alileta viti kutoka kila chumba. Saa kumi mtangazaji alizungumza akiwa katikati kabisa. Akaeleza kwa aibu kidogo kisa cha plagi na maua, akamshukuru "mama mmoja mwenye masikio yake". Kisha kwaya ikaimba. Ubeti wa pili mabesi waliingia kwa wakati, kama mlango uliopakwa mafuta, na juu yao wanawake saba wakapanda upande wa kushoto mpaka vikombe vikalia kwenye visahani.

Simu ililia kipindi kilipokwisha tu. Ilikuwa Chiriku, na kalamu tayari mkononi.

"Haya Mwalimu, nipe makosa."

Mama Solfa alifikiri. Aliwatazama wageni, waliokuwa wakimtazama.

"Sauti ya tatu," alisema, "mmoja wao alipiga chafya kabla ya kiitikio. Mwambie anywe kitu cha moto. Mengine tutazungumza Jumatano."

"Unakuja Jumatano?"

"Nani kasema siji?" alisema, akamwashiria mumewe awaongezee wageni chai.